Kemikali na homoni: Wanyamapori wabaki nyuma ya foleni

Sheria ya mwaka 1996 iliitaka Mamlaka ya Mazingira ya Marekani (EPA) kupima viuatilifu vyote ili kubaini vinavyovuruga homoni. Hata hivyo, amri za kwanza za upimaji zilitolewa mwaka 2009, zikihusu kemikali 67 tu.

Hatua ya kwanza ina majaribio 11. Mojawapo hutumia viluwiluwi: kwa kuwa homoni ya tezi ya thairoidi ndiyo humgeuza kiluwiluwi kuwa chura, akichelewa au akiwahi kuota miguu, kemikali hiyo hutiliwa shaka.

Umuhimu wake ulidhihirika katika Ziwa Apopka, Florida, ambako kiuatilifu kilimwagika mwaka 1980. Baadaye watafiti walikuta mamba dume wachanga wenye homoni pungufu ya kiume. Sumu ya aina hii si lazima iue, hudhoofisha uzazi.

Mwaka 2021 mkaguzi mkuu wa EPA alikosoa kusuasua huko. Mpango mpya wa mwaka 2023 ukatanguliza binadamu, kwani sheria inalazimisha kumpima binadamu, ilhali kwa wanyamapori imeacha hiari. Kwa hiyo chura na samaki, wanaoishi ndani ya maji yanayopokea sumu hizo, ndio wanaosubiri.