Gari Dogo Lenye Mbio: Tia Breki Kwanza

Krismasi inapofika, vijiji vya Kitui na Makueni hupokea wageni wao kutoka mjini. Katikati ya mabasi na pikapu hutokea gari dogo lisilo na buti ya kuchomoza nyuma, tairi pana, ekzosi ikinguruma hata kuku wakatawanyika. Labda ni Golf GTI, Subaru Impreza yenye tabo, au Suzuki Swift Sport. Kijana wako analitamani. Huenda tayari amekuomba umwongezee pesa. Kabla hujamjibu, hebu tuzungumze.

Aghalabu gari hilo ni la mkono wa pili, au hata wa nne. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8, na yale yaliyo ndani ya umri huo bei yake ni kali. Kwa hivyo kijana hununua lililokwisha kutumika humu nchini, na pamoja na gari hununua uzembe wa waliomtangulia. Mathalani, giaboksi ya DSG iliyo katika Golf GTI nyingi za lita 2.0 hutaka oili na filta mpya kila kilomita 60,000 hivi. Mwenyewe wa kwanza akiruka huduma hiyo, bili itakuja kwako. Dai risiti. Nenda na fundi anayelijua gari la aina hiyo, na muikute injini ikiwa baridi, maana iliyokwisha pashwa moto huficha mengi.

Haya, amelinunua. Sasa anataka kulishusha, kulivisha rimu kubwa zenye tairi nyembamba, na kuiongezea injini nguvu. La hasha! Fikiri njia ya nyumbani. Mtapitia Machakos hadi Wote, au Thika na Kanyonyoo hadi mjini Kitui. Kufikia hapo ni lami, lakini boma la nyanya haliko kando ya lami. Kilomita za mwisho ni mawe, mchanga na makorongo. Gari lililoshushwa hugonga sampu, oili ikamwagika, na injini isiyo na oili hufa kwa dakika chache. Tairi nyembamba nayo haiwezi kuikinga rimu shimoni. Na hiyo nguvu ya ziada ataitumia wapi? Sheria haimruhusu kupita kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu, wala 50 mjini. Mwendo huo hata gari la kawaida linaufikia.

Shilingi ya kwanza basi iende kwenye breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, kwa hivyo yabadilishwe kila miaka 2 hivi. Yaliyochakaa huchemka katika mteremko mrefu kama ile ya Kilungu. Unakanyaga pedali, nayo inazama tu. Shilingi ya pili iende kwenye tairi. Tazama tarakimu 4 zilizoandikwa ubavuni: 2319 maana yake tairi iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usidanganywe na meno mazuri ikiwa mpira wenyewe umezeeka. Shilingi ya tatu ni ya shoki na bushi.

Wapenzi wa Safari Rally wanamkumbuka Patrick Njiru. Mwaka 1993 aliendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika hata lita 0.7, akamaliza wa 12 kwa jumla. Mwenzake wa timu, Colin McRae, aliyesifika kwa mbio, alikuwa na kigari kama hicho lakini hakufika mwisho. Sifa ya gari ni kufika.

Na mvua ikinyesha, usithubutu kukata mto uliofurika. Desemba 4, 2021, mto Enziu karibu na Mwingi ulisomba basi zima, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sembuse kigari kinachokaribia kulamba ardhi?

Siku ya kuachana nalo pia itafika. Utaijua: matengenezo ya mwaka mmoja yanakaribia bei ya kuliuza, au karo inachelewa kwa sababu ya spea. Pengine mtoto amezaliwa, nyanya anahitaji kupelekwa hospitalini, na kuna magunia ya ndengu na embe za kuleta mjini. Hapo usiicheke Probox. Imeinuka kidogo, inabeba, na spea zake zinapatikana hata katika miji midogo.

Unapoliuza, mweleze mnunuzi kasoro zote, kisha badilisheni umiliki kupitia mtandao wa NTSA. Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 tu, na inamhesabu yule ambaye jina lake limesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Hata mnunuzi akiwa binamu yako wa Mutomo, undugu haufuti jina lako katika rekodi. Akigonga mtu usiku na kutoroka, polisi watabisha mlangoni kwako.

Basi mwambie kijana wako: akitaka mchango wako, alete kwanza risiti ya breki. Hadi Jumapili ijayo, endesha salama.