Nani amelipia semina?

Kenya inamtaka daktari akusanye pointi 50 za mafunzo endelevu kila mwaka ili ahuishe leseni, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno ndilo linalotoa ithibati kwa watoa mafunzo. Utaratibu wenyewe hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni jinsi ithibati ilivyozoeleka kuwa shughuli ya makaratasi: mada ipo, mkufunzi yupo, karatasi ya mahudhurio imesainiwa, yamekwisha. Aliyelipia ukumbi na chakula cha mchana haulizwi, au anaulizwa kwa aibu.

Marekani wanaijua gharama ya kutouliza. Chombo chao cha ithibati, ACCME, kiliundwa 1981, na mwaka 1992 kikaweka kanuni za fedha za makampuni. Kanuni hazikutosha. Kati ya 1996 na Julai 2002, kwa mujibu wa wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo, Purdue Pharma, watengenezaji wa dawa ya maumivu OxyContin, waligharimia programu zaidi ya 20,000 za mafunzo kuhusu maumivu. Mwaka 2007 kampuni dada, Purdue Frederick, ikakiri mahakamani kosa la kuinadi dawa hiyo kwa udanganyifu, ikiwamo kudai kwamba haileti uraibu kama nyingine. Kufikia hapo maelfu ya wagonjwa walikwishaandikiwa. Muuzaji akigeuka mwalimu, mgonjwa ndiye hulipa ada.

Mafunzo yenye faida mara nyingi hayahitaji hoteli. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walifundishwa palepale kazini kupima damu kwa mfuko wenye vipimo na kutoa tiba zote kwa pamoja bila kusubiri, kisha takwimu zao zikarudishwa kwao wazijadili. Madhara makubwa ya kutokwa damu baada ya kujifungua yalipungua kwa asilimia 60. (Mfuko ni wa plastiki tu.) Kwa maoni yetu, saa moja ya namna hiyo wodini yastahili pointi nyingi kuliko siku nzima ya slaidi.

Makala za toleo hili hazikubaliani kuhusu njia, na tumeziacha hivyo. Sisi tunayaomba mabaraza jambo moja: jina la mfadhili liandikwe kwenye kila cheti. Nawe msomaji, mwaliko ujao ukikufikia, uliza kabla hujathibitisha kuhudhuria.