Kabla ya Mapambo, Tuulize Kamba za Turubai

Leo naomba tuache kidogo habari za magauni na hina, tuzungumze turubai. Najua, shoga, hakuna mwari aliyewahi kukaa na somo wake usiku wakazungumza turubai. Lakini harusi nyingi za kwetu haziendi ukumbini. Zinafanyika uani, kwenye kiwanja cha jirani, au njia inafungwa siku mbili, na watu mia mbili wanakaa chini ya kitambaa ambacho vijana wamekisimamisha kwa saa moja huku wakiharakishwa. Kwenye orodha ya matumizi turubai lina mstari mmoja tu, "turubai na viti", na maua yana ukurasa mzima.

Mimi naona tumepanga kichwa chini. Fungu la kwanza la pesa ya mapambo liende kwenye nguzo na kamba, na mwenye turubai aulizwe maswali mengi kuliko mpambaji.

Tuanze na kalenda, maana hapa mama zetu wanatupotosha bila kukusudia. Aliyeolewa Mfunguo Mosi mwaka 2000 aliolewa Januari, katikati ya kaskazi, na turubai lake lilikuwa la kivuli tu. Atakwambia hakukudondoka tone. Ni kweli, lakini miezi yetu ya Kiislamu inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Miaka hii Idd el Fitr inaangukia Machi na Aprili, kwa hiyo harusi za baada ya Ramadhani zinaingia moja kwa moja kwenye masika. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania tarehe 4 Mei 2024, Mfunguo Mosi ulikuwa bado haujaisha. Na anayesogeza mbele mpaka Juni au Julai anakutana na kusi, upepo usiokuwa na haya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye turubai si rangi gani anazo. Muulize: likinyesha nini kitatokea, na likivuma nini kitatokea?

Rangi nayo ina neno lake, nisije nikaonekana mkavu. Turubai la plastiki la buluu au la kijani hupitisha mwanga wa rangi yake, na mchana uso wa bi harusi ukipigwa picha unatoka kama mtu aliyelazwa hospitali siku tatu. Vipodozi vya laki haviokoi hapo. Jeupe ndilo la uso. Jeusi au lile zito la lori linazuia jua vizuri lakini linafukuta, na uzito wake unahitaji nguzo za haja. Lo lote utakalochagua, nenda ukalione likiwa limetandazwa chini, si picha kwenye simu. Tazama pembezoni pale panapopita kamba. Vile vijipete vya chuma vikiwa vimeng'oka na kitambaa kimechanika kuzunguka tundu, turubai hilo limeshakwambia litaachia wapi.

Umbo ni muhimu kuliko rangi. Turubai lililotandazwa bapa kama kitanda hukusanya maji. Hesabu yake ni rahisi: dimbwi la mita 2 kwa mita 2 lenye kina cha sentimita 10 ni lita 400, yaani kilo 400 zinazoning'inia juu ya vichwa vya shangazi zetu. Nguzo inapinda taratibu, watu wanapiga vigelegele, hakuna anayetazama juu. Turubai liwe na mgongo katikati na mteremko wa kweli pande zote mbili, na mteremko usielekee mlango wa nyumba wala upande wa wapishi. Likianza kufanya tumbo, mtu alisukume kwa chini kwa mpini wa fagio uliozungushiwa nguo, mapema, kabla tumbo halijawa kubwa.

Sasa kamba. Watu hufikiri turubai linaanguka kwa uzito wake. Upepo ndio unaolichukua, na ukuta wa pazia ndio tanga lake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa. Kwa upepo huo, pazia moja la mita 3 kwa 6 linasukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 130. Upepo ukiwa na kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Halafu kijana anakwambia ameifunga kamba kwenye dumu la maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20, dada yangu, na upepo hauhitaji hata kulinyanyua, unaliburuta tu.

Kwenye uani wa saruji, ambapo kigingi hakiingii, yatafutwe mapipa ya lita 200, yajazwe maji mpaka juu, na kila nguzo ya pembeni ipate lake. Kwenye udongo wa kinamo, kama ulivyo sehemu nyingi za Pemba, kigingi kinashika vizuri siku kavu, lakini mvua ikinyesha usiku kucha kinalegea, kwa hiyo kipigwe kirefu na asubuhi kikaguliwe tena. Kwa ndugu zetu wa Paje, Jambiani na Makunduchi, ambako jiwe liko karibu na uso wa ardhi, kigingi cha mti hupasuka. Kitumike cha chuma, na watafute ufa au shimo la jiwe lenyewe. Kwenye mchanga wa pwani kigingi kifupi ni kujidanganya. Chimba shimo la kufika goti, funga kamba kiunoni mwa kiroba kilichojaa mchanga, kizike, kishindilie. Hicho hakitoki.

Pote pale kamba ishuke kwa mshazari, umbali kutoka mguu wa nguzo hadi kigingi ukaribiane na urefu wa nguzo, na kichwa cha kigingi kilalie upande wa nje. Kamba iliyoshuka wima kando ya nguzo ni pambo. Mkumbuke pia kwamba kamba ya katani hujikaza ikirowa na ya nailoni hulegea, kwa hiyo zote zinahitaji mtu wa kuzipitia mvua ikianza. Wala isifungwe kwenye mgomba, kwenye gari la mgeni ambaye ataondoka saa kumi, kwenye ukingo wa bati, na kamwe isifungwe kwenye nguzo ya umeme.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Mungu, likitoka limetoka. Yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kufunga ndiko kulikotangulia.

Nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Upande wa wanaume utaukuta wazi, chini ya mwembe, upepo unapita. Upande wetu umezungushiwa mapazia pande nne mpaka chini, juu kuna vitambaa vya nailoni vya mapambo, ndani watu wamebanana na watoto wachanga na bibi zetu wenye presha, na chetezo cha udi kinapita kati yao. Stara ni wajibu na siibishii. Ila stara haihitaji tanuri. Pazia likiachwa shubiri moja kutoka chini na mkono mmoja kutoka juu, hewa ya moto inatoka na hakuna jicho linaloingia. Mlango usiwe tundu la kuchungulia: simamisha pazia la pili hatua mbili mbele yake, watu wapite kwa kuzunguka. Milango iwe miwili, na wa pili usizibwe na meza ya keki. Chetezo kikae mahali pamoja, juu ya sinia, mbali na vitambaa, maana nailoni ikishika moto huyeyuka na kudondoka. Jenereta likae nje kabisa na mbali, upande upepo unakokwenda, kwa sababu moshi wake unaua na sehemu yake mbaya zaidi haina harufu.

Sasa fikiria upepo umekuja kweli. Wanaume wananyanyuka na kutoka. Sisi tumevua mabuibui, nywele zimesukwa, mikono wazi, na buibui limo kwenye mkoba ulio chini ya kiti cha mtu mwingine. Mwanamke wa kwetu atasita kutoka. Atatafuta kwanza cha kujifunika, na sekunde hizo ndizo nguzo inazoangukia. Dharura ina hukumu yake katika dini na roho inatangulizwa, kila ustadhi atakwambia. Lakini nawajua wanawake wenzangu, na nasema tusiwaachie waamue pale pale. Mama wa harusi atenge kamba au meza karibu na kila mlango ya kutundikia mabuibui, pamoja na rundo la kanga za kumtosha ye yote. Nyumba ya kukimbilia ijulikane kabla, milango yake isifungwe. Na wanaume wakubaliane nani atakayepiga ukelele nje ya pazia kwamba tokeni.

Mapazia nayo yawe ya kufunguka haraka. Nahodha akiona upepo unazidi hushusha tanga, habishani nao. Mapazia yakishushwa mapema turubai lina nafasi ya kusimama, lakini hayashushwi wanawake wangali ndani bila nguo zao, na ndiyo maana lazima watoke kwanza. Kama tahadhari ya upepo mkali imetolewa siku hiyo, mimi ningesema pazia zisifungwe kabisa. Wanawake wakae ndani ya nyumba mbili tatu za majirani, picha zipigwe sebuleni. Itanung'unikwa. Wacha inung'unikwe.

Mwisho kuna makubaliano. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana katika kudaiana, na sisi turubai la mamia ya watu tunalikodi kwa neno la simu. Iandikwe karatasi: ukubwa wa turubai, nguzo ngapi, mapipa mangapi, linasimamishwa lini na kushushwa lini. Lisimamishwe siku moja kabla, si asubuhi ya harusi, ili lipate usiku mzima wa kujaribiwa. Nusu ya malipo ibaki mpaka kaka au mjomba azunguke na kuvuta kila kamba kwa uzito wa mwili wake. Na katika karatasi hiyo liandikwe jina la kijana mmoja atakayebaki pale tangu mwanzo hadi mgeni wa mwisho, kazi yake kamba tu, asitumwe soda wala kubeba masufuria. Nambari yake awe nayo mama wa bi harusi, si bi harusi mwenyewe, maana simu ya bi harusi siku hiyo iko mikononi mwa mdogo wake anapiga video.