"Hatukujua" Si Udhuru

Mwenye duka akimkabidhi dalali fedha ili amnadie bidhaa zake, kisha dalali akaenda kuzinadi kwenye baraza la mzushi na kumlipa mzushi huyo kwa fedha zile zile, je, mwenye duka atasema hana dhima? Hilo ndilo swali tunalowauliza wenye makampuni yanayotangaza biashara zao kwenye intaneti.

Zamani kampuni ilichagua gazeti, ikalipia ukurasa, na ikamjua mhariri. Leo aghalabu hainunui ukurasa, bali hununua macho ya watu. Msomaji anapofungua tovuti, mitambo hupiga mnada kwa muda usiofikia nukta moja, na tangazo likamfuata popote aingiapo, ijapokuwa ni kwenye tovuti ya uongo. Mwenye tovuti hupata fungu lake, na dalali lake. Na uongo, kama ijulikanavyo, hauhitaji mwandishi wa kutumwa wala shahidi wa kuhojiwa.

Mwaka 2016, wakati wa uchaguzi wa Marekani, vijana wa mji mdogo wa Veles, katika nchi ambayo leo ni Makedonia Kaskazini, waliendesha tovuti zaidi ya 100 za siasa za Marekani, nyingi zikiwa zimejaa uzushi. Wengi wao hawakujali nani angeshinda. Walichokitaka ni fedha za matangazo. Google ilitangaza kuzinyima tovuti za aina hiyo matangazo yake mwezi Novemba, siku chache baada ya kura kupigwa! Na asidhani mtu kuwa uzushi ni mzaha. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, mtu mmoja aliingia na bunduki katika mgahawa mjini Washington na kufyatua risasi, akiwa amesadiki habari ya uongo iliyoenea mitandaoni kwamba humo wamefungiwa watoto.

Makampuni yakiulizwa hujibu: "Hatukujua." Naam, pengine hayakujua. Lakini kutojua huko ni kwa hiari. Mwaka 2017 benki ya JPMorgan Chase, baada ya kubainika kuwa tangazo lake limetokea kwenye tovuti iliyokuwa ikimzulia Hillary Clinton, iliamua kupekua. Ikakuta matangazo yake yanatokea kwenye tovuti kiasi cha 400,000 kwa mwezi, na katika hizo ni 12,000 tu zilizomfanya msomaji achukue hatua yoyote zaidi ya kuliona tangazo. Mwanagenzi mmoja akazipitia moja moja, zikabaki kiasi cha 5,000. Biashara je, iliporomoka? Benki yenyewe ilisema haikuona tofauti kubwa.

Kwa hiyo hoja ya kuwa haiwezekani imekwisha kubatilika. Kila kampuni na imdai dalali wake orodha kamili ya tovuti alizozilipa kwa jina lake, na dalali akikataa kuitoa, fedha zizuiwe.