Damu Imetolewa, Jawabu Li Wapi?

Zamani za ukoloni walikuwako watu wa Nairobi na Dar es Salaam waliolikimbia gari la zimamoto, wakiamini kuwa ndani yake wamo mumiani wanyonyao damu. Wakubwa wa serikali walicheka. Sisi hatucheki. Mtu atozwaye kodi na kuamrishwa bila kuelezwa lolote, atamwaminije mgeni mwenye sindano?

Mkoloni amekwenda zake, sindano imebaki, nayo twaihitaji. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Vituo vya Bagamoyo na Korogwe vilikuwamo, na kwa jirani zetu wa Kenya, Kilifi, Kombewa na Siaya. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto waishio penye malaria nyingi. Kazi hiyo hawakuifanya madaktari peke yao. Mama aliyeacha jembe, akambeba mwanawe mgongoni na kumpeleka kituoni kila alipoitwa, naye alifanya kazi.

Je, akina mama kama huyo hurudishiwa habari? Mara nyingi mno gari la utafiti huja, damu huchukuliwa, vumbi hutulia, basi. Matokeo huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa mbali. Balozi wa nyumba kumi, aliyebisha hodi mlango kwa mlango akimdhamini mgeni, ndiye abakiye kuulizwa kisimani, naye hana la kujibu.

Azimio la Helsinki la mwaka 1964, kama lilivyorekebishwa mwaka 2013, lataka kila mshiriki apewe nafasi ya kuelezwa matokeo. Basi hiyo si hisani. Huko Kilifi, ambako minong'ono ya damu ilikuwako pia, wananchi wamechagua wawakilishi wa kukutana na watafiti. Njia hiyo twaisifu, ingawa mwakilishi asiyeweza kusema hapana ni tarishi tu.

Twadai kibali cha utafiti kisitolewe mpaka mtafiti ametaja siku atakayorudi kijijini kuyasoma matokeo kwa Kiswahili mbele ya mkutano, yawe mema au mabaya. Na balozi asibishe hodi mlango wowote kabla hajaoneshwa tarehe hiyo.