Bi Kidude na Deni Langu



Wiki mbili zilizopita nilihudhuria walima mjini Ruiru. Nikaha ilikwisha kufungwa, pilau imeliwa, na sisi wanaume tulikuwa tukinawa mikono tuliposikia sauti zikipanda upande wa akina mama. Nilidhani ni ugomvi wa nyama iliyopungua kwenye sinia, maana hayo ndiyo mazoea. Kumbe aliyewagombanisha ni marehemu Bi Kidude. Binti mmoja alifungulia nyimbo zake kwenye simu, shangazi yake akamwamuru azime, na kabla chai haijaletwa nyumba ilikuwa imegawika mapande mawili. Hatimaye nikaletewa mjumbe: Sheikh na atuamulie.

Nilijibu kwamba nitaandika katika safu hii. Ukweli ni kwamba nilikimbia, kwa kuwa na mimi nina deni kwa marehemu yule, na si jambo la kulisema mdomoni nina mfupa wa mbuzi.

Kwa vijana wasiomjua, Bi Kidude ni Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa, na wapo waliosema amepita miaka 100. Uimbaji aliupata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri. Siti aliimba amejifunika. Bi Kidude akaimba uso wazi, na ngoma akaipiga kwa mikono yake mwenyewe. Aliikimbia ndoa, akazunguka bara, akarudi kisiwani akaishi kwa kuimba, kupika wanja na hina, kutibu kwa mitishamba, na kuwafunda wari. Uzeeni ndipo dunia ilipomgundua, akapelekwa Ulaya, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX. Alivuta sigara, alikunywa ulevi, wala hakumficha mtu.

Hoja ya binti wa Ruiru ilikuwa kwamba bibi huyu aliwapa wanawake ulimi katika zama walipotakiwa wanyamaze, na kwamba hakuwa na mali wala ukoo mkubwa wa kumbeba. Shangazi akauliza kama binti yuko tayari mwanawe akue mwenye sigara kinywani na miguu isiyotulia nyumbani. Naambiwa hapo binti alinyamaza kidogo, kisha akasema wanaume wangapi wa ukoo wetu wanavuta na bado tunawaita mabwana. Swali hilo mimi sina jibu lake, na shangazi naye hakuwa nalo.

Juu ya ala za muziki sitakaa sana. Wanachuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza, na sisi watu wa mwambao tulio Mashafii tumelelewa juu ya kauli hiyo. Ibn Hazm hakukubaliana nao, na Imam Ghazali alilipambanua jambo kwa urefu. Dufu la harusi lina ruhusa, na sote tunaijua habari ya wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache. Mimi simpigii Bi Kidude nyumbani kwangu. Ulevi nao ni haramu kwa mwimbaji, kwa mwenye duka na kwa imamu sawasawa, wala sifa za Ulaya haziuhalalishi.

Deni langu ni hili. Wiki ile aliyofariki nilikuwa na darsa ya wanawake mjini Thika, mtaa wa Majengo. Redio zote zilikuwa zikimsifu marehemu, nami nikaona wajibu wangu ni kuukata mkondo ule. Nikamtaja kwa jina. Nikasema mwisho wake ni mbaya, nikaeleza mahali anapokwenda, kana kwamba funguo za huko nimekabidhiwa mimi. Nilikuwa nimekwisha kuwafundisha akina mama hao hao kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana waliokufa, kwani wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza.

Darsa ilipokwisha alibaki bibi mmoja. Huyu alitoka Unguja mwaka 1965 kumfuata mumewe, na tangu hapo yuko Thika. Aliniambia, bila kupandisha sauti: "Sheikh, huyo unayemtia motoni ndiye aliyenifundisha kuoga janaba."

Nikamwuliza kwa vipi. Akasema alipokuwa mwari alifundwa na Bi Kidude: siku za hedhi zahesabiwaje, swala yaachwa lini na kurejewa lini, maji yaanzie wapi, mume ana haki gani na ana mipaka gani. "Baba yangu alikuwa mtu wa msikitini," akasema, "lakini haya hakuniambia yeye, wala mwalimu wangu wa chuoni." Akachukua mkoba wake akaenda zake. Hakurudi tena darsani.

Sisemi kwamba unyago wote ni twahara. Mna maneno na michezo ambayo sheria haiikubali, na pengine matambiko. Lakini tulipoupinga sisi masheikh, na tuliupinga kwa nguvu, hatukuweka kitu mahali pake. Tulimwondoa somo na kungwi, tukabaki na kitabu cha fiqhi ambacho mwalimu wa kiume hukipitia mbio mbio afikapo mlango wa hedhi, macho yakiwa darini. Nami ni mmoja wao. Huku Thika na Ruiru wazazi wengi wanapanda matatu ya Nairobi kabla ya alfajiri kupambazuka na kurudi baada ya isha. Nyanya yuko Lamu au Mombasa. Mwaka jana binti wa miaka 12 alitoweka madrasa kwa siku 6. Mama yake alikuja kuniuliza kama nimemwadhibu. Nami nikamwuliza kama mtoto anaumwa. Tukabaki tunatazamana, hadi mke wangu alipomwita mama yule pembeni. Mtoto alikuwa amejua habari zake kwenye simu, na simu ilimwambia mengi, ila kwamba mwenye hedhi anaweza kuja kukaa barazani pa madrasa asikilize somo haikumwambia.

Baada ya walima ile nilikwenda Majengo. Bibi yu hai, macho yamepungua nguvu, hatoki sana. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyoyasema mwaka 2013. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wasichana wa madrasa wamepata mtu wa kuwafundisha. Nikasema bado.

"Basi niletee Jumamosi," akasema. "Ngoma sina, usiogope."

Wanaanza Jumamosi hii baada ya alasiri, nyumbani kwake, na mke wangu atakuwapo. Shangazi wa Ruiru amekwisha kuleta jina la binti yake mdogo. Mzazi mwingine anayetaka mwanawe awemo na azungumze na mke wangu, kwani mimi nimeambiwa nisikanyage pale.