Intaneti nayo iuzwe kwa mizani

Hakuna mchuuzi wa Rumonge anayenunua gunia la ndagala bila kulipandisha kwenye mizani, wala bidoni la mawese bila kufungua kifuniko na kuchungulia. Lakini watu haohao hununua intaneti kwa kusikia tu. Muuzaji akisema "hii ina kasi sana", pesa inatoka. Nasema tabia hii ikome. Nawaambia hasa ndugu zangu mliorudi kutoka Tanzania, na ninyi mnaovuka mpaka kwenda Kigoma, kwa sababu bei ya mzigo, picha ya risiti na sauti ya ndugu aliyebaki ng'ambo vyote vinapita humo.

Tujue kwanza maji yanatoka wapi kabla ya kulaumu bomba. Burundi haina bahari. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa bei ya kutisha. Mwaka huo kebo ya SEACOM ikafika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kutoka pwani, intaneti husafiri kwa nyuzi za kioo kupitia Tanzania au Rwanda hadi kwenye mkongo wetu wa taifa, BBS, uliojengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia.

Kwetu Kabezi njia ni tatu. Ya kwanza ni laini ya simu ya Lumitel, Econet Leo au Onatel. Ni rahisi kuanza nayo, lakini mnara mmoja hugawana wote waliomo katika eneo lake. Ya pili ni nyuzi za kioo au redio ya kampuni ya intaneti hadi nyumbani. Hii hutulia zaidi, ila kampuni hufuata penye wateja wengi, ndiyo maana Bujumbura huipata kabla ya mwambao. Ya tatu ni dishi la Starlink, huduma iliyofunguliwa nchini mwaka 2024. Setilaiti zake huzunguka kilomita zipatazo 550 juu yetu, si 36,000 kama zile za zamani, kwa hiyo mazungumzo hayakawii. Lakini dishi ni ghali na linataka umeme saa zote, na umeme wetu sote tunaujua.

Sasa tupime. Speedtest na Fast.com hazitozi ada, ingawa hula kifurushi: kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kipimo kimoja chaweza kumaliza megabaiti 20. Tazama namba tatu: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Wauzaji hutangaza ya kwanza tu. Mfanyabiashara anayetuma picha za mzigo anaishi kwa ya pili, na anayepiga simu ya video kwa ya tatu.

Msichanganye biti na baiti, kwani baiti moja ni biti nane. Picha ya megabaiti 4 ni megabiti 32. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde itapita kwa sekunde 16. Kwa nusu megabiti itachukua zaidi ya dakika moja. Picha kumi ni zaidi ya dakika kumi, na mnunuzi wa Kigoma hakusubiri.

Pima alfajiri, mchana na saa mbili usiku, kwa siku saba, na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu lilinionyesha kwamba laini niliyouziwa kuwa ya kasi ilikuwa ya kasi alfajiri tu. Usiku hata picha moja iligoma. Nilipomwendea wakala nikiwa na namba na saa, hakuniambia tena "zima halafu washa".

Jambo jingine: Speedtest hukuruhusu kuchagua kituo cha kupimia. Pima kwa kituo cha Bujumbura, kisha cha Nairobi au Ulaya. Cha karibu kikiwa kizuri na cha mbali kibaya, tatizo huenda liko njiani, kama Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika. Vyote vikiwa vibaya, shuku mnara au kampuni yako kwanza. Kisingizio cha baharini usikipokee haraka.

Wapo watakaosema soko litajirekebisha lenyewe, asiyeridhika ahame. Ahamie wapi, ikiwa kila tangazo linasema "hadi" kasi fulani bila kusema kuanzia ngapi? Aliyerudi na akiba ndogo hana faranga za kununua modemu tatu ndipo ajue ipi inafaa.

Kwa hiyo naiomba ARCT, mdhibiti wa mawasiliano, mambo mawili. Makampuni yalazimishwe kuandika kasi ya chini yanayoihakikisha. Na vipimo vya Kabezi, Rumonge na Nyanza-Lac vitangazwe hadharani, kila kampuni na namba yake. Wakati tukingoja, kila mteja aanze daftari lake. Malalamiko yenye tarehe, saa na namba ni magumu kuyapuuza.